Jedwali la Bodi: Historia ya Orodha ya Sakiti katika Majengo ya Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Kila jengo lenye umeme lina mahali ambapo mkondo unaotoka nje hugawanywa na kuelekezwa vyumbani. Mahali hapo ni bodi ya kugawia umeme, ambayo mafundi wa Nakuru huiita bodi tu, na iliyo ndogo, ya nyumba ya kawaida, huiita konsyuma. Ndani yake mna swichi kuu, na kando ya swichi hiyo safu ya breka, yaani swichi ndogo zinazojikata zenyewe pale mkondo unapozidi kiasi kilichowekwa, na kila breka hulinda njia moja ya nyaya inayotoka kwenye bodi kwenda kulisha taa au soketi kadhaa, njia ambayo ndiyo huitwa sakiti. Jedwali la bodi ni orodha inayoieleza kila sakiti kwa zamu yake: nambari yake, vitu inavyovihudumia, ukubwa wa breka kwa ampea, unene wa waya kwa milimita za mraba, mzigo wake kwa wati, na fezi ambayo imefungwa juu yake.

Karatasi hiyo, ambayo aghalabu haizidi ukurasa mmoja, haijapewa nafasi kubwa katika maandishi ya historia ya ujenzi nchini Kenya, ilhali ndiyo inayobeba makubaliano kati ya mhandisi aliyekadiria, fundi aliyefunga, mkaguzi aliyepitisha na mpangaji atakayekuja miaka mingi baadaye bila kuwajua hao watatu. Kwa muda mrefu iliandikwa kazi ilipokwisha, ikiwa kumbukumbu ya yaliyofanyika. Siku hizi huandaliwa ndani ya kompyuta kabla ya msingi kuchimbwa, ikiwa hesabu ya yatakayofanyika. Kuhama huko kutoka kumbukumbu hadi makadirio, jinsi kulivyotokea katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati, na mambo ambayo yalipatikana na yale yaliyoelekea kupotea njiani, ndiyo maudhui ya sura hii.

Stima inafika bondeni

Wakenya wengi huuita umeme stima, na neno hilo lilianza kwa kutaja mvuke na vyombo vilivyoendeshwa kwa mvuke, hasa meli zilizotia nanga katika bandari za pwani, kabla ya maana yake kupanuka hadi kuwa jina la umeme wenyewe. Historia inayosimuliwa na kampuni ya Kenya Power huanzia vilevile pwani, kwa jenereta ambayo Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar aliinunua mwaka 1875 ili kuangazia kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliipata jenereta hiyo, na kampuni ya umeme ya Mombasa ikaanza kazi; mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya kuupatia mji wa Nairobi umeme. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1922 na kuwa East African Power and Lighting, iliyodumu kwa jina hilo hadi mwaka 1983, ilipoitwa Kenya Power and Lighting.

Nakuru ya wakati huo ilikuwa bado changa. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika hapo mwaka 1900, eneo likatangazwa kuwa mji mwaka 1904, na maisha yake yakajengeka juu ya stesheni, maduka ya Wahindi, mashamba ya walowezi wa Kizungu na vibarua Waafrika walioishi Bondeni na katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Kabla ya miji ya bara kuunganishwa kwa nyaya ndefu, umeme ulizalishwa karibu na mahali pa kutumika, na mashamba ya mbali yaliyotaka mwanga yalijitegemea kwa injini zao. Jengo lililobahatika kuwa na umeme lilikuwa na sakiti chache mno: moja ya taa, na pengine moja au mbili za soketi za pini za duara, za ampea 5 au 15. Ulinzi wake ulikuwa fyuzi, yaani uzi mwembamba wa madini uliokazwa ndani ya kishikizo cha kauri, ambao uliyeyuka mkondo ulipozidi na kumlazimu mwenye nyumba kuukaza mwingine.

Kanuni zilizofuatwa zilitoka Uingereza, ambako chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme kilitoa mjini London, mwaka 1882, masharti ya kwanza ya kuzuia moto unaotokana na mwanga wa umeme. Masharti hayo yalikua toleo baada ya toleo. Hata hivyo, katika jengo la fyuzi tatu au nne hapakuwa na haja kubwa ya orodha, kwa kuwa fundi aliyelifunga aliweza kulikumbuka lote, na mara nyingi aliyeitwa kulitengeneza alikuwa fundi yuleyule au kijana aliyejifunza kazi kwa kumshikia vifaa. Elimu ya jengo ilikaa kichwani mwa mtu, na mtu huyo alipohama au kufariki, waliobaki walilazimika kutoa fyuzi moja baada ya nyingine ili kuona ni taa ipi inazimika.

Laini ya Tororo na fezi tatu

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1950. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka huohuo iliundwa Kenya Power Company, shirika lililokabidhiwa kazi ya kujenga laini ya kusafirisha umeme kutoka Tororo, mpakani mwa Uganda, hadi Nairobi. Laini hiyo ya volti 132,000 ililikata Bonde la Ufa, na kituo chake cha kupunguza nguvu ya umeme kikawekwa Lanet, pembeni mwa Nakuru, hivi kwamba mji wa katikati ya bonde ukajikuta juu ya njia kuu ya umeme wa nchi.

Umeme wa laini kama hiyo husafiri kwa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye mikondo inayopanda na kushuka kwa kupishana, kila mmoja ukiufuata mwenzake kwa theluthi ya mzunguko. Nchini Kenya, kati ya fezi moja na waya wa nyutro, ambao ndio njia ya kurudia, hupimwa volti 240, na kati ya fezi mbili hupimwa volti 415. Nyumba ndogo hupewa fezi moja, lakini kiwanda, hospitali, shule kubwa au jengo la ghorofa hupewa zote tatu, na hapo ndipo bodi inapokuwa fumbo linalohitaji maandishi. Fezi hizo zilitambulishwa kwa rangi nyekundu, manjano na buluu, na sakiti za jengo zilipaswa kugawanywa kati yake kwa usawa, kwani mizigo inapolingana mikondo ya fezi tatu hufutana kwenye nyutro, na isipolingana nyutro hubeba tofauti yake, waya wa fezi iliyolemewa hupata joto, na volti hushuka kwa wale waliofungwa juu yake.

Nakuru ya baada ya vita ilikuwa na wateja wa namna hiyo. Mji ulikuwa makao ya chama cha wakulima kilichojulikana kwa herufi KFA, na ya bodi ya pareto pamoja na kiwanda chake cha kukamua dawa kutoka kwenye maua yaliyolimwa Molo na nyanda za juu. Mwaka 1967 kilianzishwa kiwanda cha betri za Eveready. Na hospitali ya mkoa, ofisi za serikali na vyuo vilipanuka kwa sababu Nakuru ndiyo ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Mota, majiko ya umeme, mashine za eksirei na pampu ziliingia katika majengo hayo, na hapakuwa tena na fundi mmoja wa kukumbuka bodi kumi zenye sakiti mia mbili.

Jedwali likahamia katika ofisi ya michoro. Katika Wizara ya Ujenzi na katika kampuni za wahandisi, mchoraji alisimama mbele ya meza iliyoinama, akachora kwa wino juu ya karatasi inayopenyeza mwanga, na pembeni mwa mchoro wa taa na soketi akapiga mistari ya jedwali, safu moja kwa kila sakiti. Nakala zilitolewa kwa mashine iliyotumia mvuke wa amonia, zikatoka na mistari ya buluu na harufu kali, kisha zikapelekwa mahali pa ujenzi. Msanifu wa jengo alipoamua kugeuza stoo kuwa maabara, mchoraji aliukwangua wino wa zamani kwa wembe na kuandika upya, na ilimbidi akumbuke kwamba badiliko la chumba kimoja lilimaanisha kusahihisha mstari wa sakiti, jumla ya bodi, jumla ya bodi kuu iliyoilisha, na pengine unene wa waya uliotoka kwenye mita. Pale aliposahau, mchoro ulisema hili na jedwali lile, na aliyeugundua mgongano huo alikuwa fundi aliye juu ya ngazi.

Hesabu iliyomo ndani ya jedwali

Uzito wa jedwali uko katika hesabu inayobebwa na safu zake, na hesabu hiyo huonekana vyema kwa mfano wa gesti ya vyumba 12 mjini Nakuru ambayo kila bafu lake lina hita ya kuchemsha maji papo hapo yenye wati 5,500. Hita moja ikigawanywa kwa volti 240 huvuta karibu ampea 23, na kwa hiyo hupewa breka ya ampea 32 na waya wa milimita za mraba 6. Hita zote 12 kwa pamoja ni wati 66,000. Zikifungwa zote juu ya fezi moja zitataka ampea 275, kiasi cha kuunguza bodi yoyote ya jengo la ukubwa huo, lakini zikigawanywa nne kwa kila fezi, kila fezi itabeba karibu ampea 92.

Swali linalofuata ni kama hita zote zitawashwa kwa wakati mmoja. Wahandisi huzingatia kadirio la matumizi ya pamoja, yaani sehemu ya mzigo wote inayotarajiwa kutumika kwa wakati uleule, na mwongozo wa Uingereza uliozoeleka Kenya husema kwamba katika hoteli ndogo hita ya kwanza na ya pili kwa ukubwa zihesabiwe kikamilifu, na zilizobaki zihesabiwe kwa robo. Kwa kipimo hicho wati 66,000 hupungua hadi 24,750, na mkondo wa kila fezi, kwa wastani, hushuka hadi karibu ampea 34. Tofauti kati ya 92 na 34 ni tofauti ya gharama ya waya mkuu na ya swichi kuu, na ni fedha halisi mfukoni mwa mwenye jengo.

Lakini kipimo kilichotungwa kwa desturi za wageni wa Uingereza hakipaswi kupokewa Nakuru bila kutafakariwa. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake ni za baridi, na wageni wa gesti, wawe wasafiri wanaowahi matatu au watalii wanaowahi mlango wa hifadhi ya ziwa, huamka na kuoga karibu saa moja. Mhandisi anayewajua wageni hao ataongeza kadirio lake, na jedwali ndilo linaloonyesha kwamba aliongeza na kwa kiasi gani. Kwa sababu hiyo jedwali zuri huandika mizigo miwili kando kwa kando, mzigo uliofungwa na mzigo unaotarajiwa, ili anayekuja baadaye aweze kuupima uamuzi huo kwa macho yake.

Sheria, leseni na rangi za nyaya

Sheria za Kenya ziliufanya uandishi huo kuwa wajibu. Shughuli za umeme zilisimamiwa kwa sheria ya enzi ya ukoloni hadi Bunge lilipopitisha Sheria ya Nguvu za Umeme ya mwaka 1997, ikafuatwa na Sheria ya Kawi ya mwaka 2006 na nyingine ya mwaka 2019, ambayo iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, maarufu kwa herufi EPRA. Mafundi hupewa leseni za madaraja yanayotajwa kwa herufi A, B na C kulingana na ukubwa wa kazi wanayoruhusiwa kuifanya, na kabla ya mita kuwekwa fundi mwenye leseni hutia saini cheti kinachothibitisha kwamba kazi imekamilika na imepimwa. Kanuni za kiufundi zinaegemea zile za Uingereza, ambazo mwaka 1992 zilipewa hadhi ya kiwango cha taifa hilo kwa nambari BS 7671, na ambazo huagiza kwamba kando ya kila bodi pawe na chati inayosomeka, inayoonyesha sakiti, vitu vinavyohudumiwa na aina ya nyaya.

Badiliko moja la kanuni hizo linaonyesha kwa nini chati ni suala la uhai. Kuanzia mwaka 2004, na kwa lazima kuanzia mwaka 2006, Uingereza iliacha fezi za rangi nyekundu, manjano na buluu, ikachukua rangi za Ulaya, yaani kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro iliyokuwa nyeusi ikawa buluu. Maana yake ni kwamba waya mweusi, ambao katika jengo la zamani ni nyutro, katika jengo la mtindo mpya unaweza kuwa fezi, na waya wa buluu umebadilika kinyume chake. Kwa fundi anayefungua bodi ya jengo lililojengwa nusu zamani na kuongezwa ghorofa juzi, rangi pekee haitoshi kumwambia waya upi una moto. Anahitaji kifaa cha kupimia, na anahitaji maandishi ya aliyemtangulia.

Mafundi wanaozingatia hayo hutokea katika vyuo vya ufundi vya eneo hili, kikiwemo Chuo cha Kitaifa cha Bonde la Ufa mjini Nakuru, na wengine wengi huhitimu kwa mitihani ya gredi baada ya kufunzwa kazini. Elimu ya pande hizo mbili hukutana kwenye jedwali, kwani mwenye cheti cha chuo hulisoma kama hesabu, na aliyefunzwa kazini hulisoma kama ramani ya nyaya alizozivuta kwa mikono yake.

Kutoka karatasi hadi jengo la kompyuta

Kompyuta iliingia katika ofisi za michoro kwa hatua mbili zilizotofautiana sana. Hatua ya kwanza ilianza na programu ya AutoCAD, iliyotolewa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 1982, ambayo iligeuza wino kuwa mistari ya kielektroniki na wembe kuwa kitufe cha kufuta. Sambamba nayo zilienea programu za majedwali ya hesabu, kama VisiCalc ya mwaka 1979 na Excel ya mwaka 1985, ambazo ziliondoa kazi ya kujumlisha kwa mkono. Mhandisi sasa alikuwa na mchoro safi na hesabu sahihi, ila viwili hivyo vilikaa katika mafaili mawili yasiyojuana. Taa kumi zilizoongezwa kwenye mchoro hazikuongezeka kwenye jedwali hadi mtu akumbuke kuziandika, na kwa hiyo kosa la zama za wembe liliendelea kuishi ndani ya mashine mpya.

Hatua ya pili iligusa kiini cha tatizo. Mwaka 1997 wahandisi wa programu Leonid Raiz na Irwin Jungreis walianzisha kampuni huko Massachusetts, na mwaka 2000 wakatoa Revit, programu ambayo haichori mistari bali hujenga jengo zima ndani ya kompyuta, ukuta ukijua kuwa ni ukuta na mlango ukijua kuwa ni mlango. Autodesk iliinunua kampuni hiyo mwaka 2002, na tangu mwaka 2006 likawepo toleo la wahandisi wa umeme, maji na hewa. Katika jengo la namna hiyo taa ni kitu chenye wati, volti na mahali pake; mhandisi huziteua taa kadhaa, huziunganisha kuwa sakiti, huielekeza sakiti kwenye bodi, na jedwali hujijaza lenyewe. Toleo lililoitwa la mwaka 2011 lilileta violezo vya majedwali ya bodi, yaani kurasa zilizopangwa tayari ambazo ofisi inaweza kuziunda kwa mtindo wake na kuzitumia katika kila mradi. Taa ikifutwa kwenye dari, mzigo wake hutoweka kwenye jedwali papo hapo, na jumla ya bodi kuu hubadilika pamoja nao.

Kuifundisha programu bodi ya Nakuru

Programu hiyo, hata hivyo, ilizaliwa na bodi ya kwao ndani yake. Marekani hutumia volti 120 kwa soketi za nyumbani, na 120 kwa 208 au 277 kwa 480 katika majengo ya fezi tatu. Bodi zake hupangwa kwa safu mbili, nambari witiri kushoto na shufwa kulia, fezi zikipokezana kila mstari. Bodi ya fezi tatu iliyozoeleka Kenya ina asili ya Kiingereza, na huhesabiwa kwa njia: kila njia ina nafasi tatu, moja kwa kila fezi, hivi kwamba bodi ya njia 8 ina nafasi 24, na sakiti huitwa kwa nambari ya njia ikifuatwa na jina la fezi, kama 1L1, 1L2 na 1L3. Mhandisi wa Nakuru anayefungua programu kwa mara ya kwanza na kuiacha ilivyo hupata jedwali la jengo ambalo haliwezi kujengwa katika nchi yake.

Kwa hiyo matayarisho yana utaratibu wake. Kwanza hufafanuliwa volti, 240 na 415, pamoja na kiwango cha chini na cha juu kinachokubalika. Kisha mfumo wa ugawaji, wenye fezi tatu na nyaya nne. Taa au soketi iliyochukuliwa kwenye maktaba ya Kimarekani ikiwa bado na volti 120 au 277 itakataa kuunganishwa na bodi hiyo, na wanagenzi wengi hupoteza siku nzima wakidhani programu imeharibika, ilhali inakataa kwa haki. Baada ya hapo mizigo hupewa makundi, kama taa, soketi, hita na mota, na kila kundi hupewa kanuni yake ya kadirio la matumizi ya pamoja. Ile kanuni ya hita mbili kamili na robo kwa zilizobaki huweza kuandikwa mara moja, ikatumika katika kila gesti itakayofuata, au ikarekebishwa kwa asubuhi za Nakuru. Mwisho huundwa kiolezo chenyewe: kichwa chenye jina la bodi, mahali ilipo na bodi inayoilisha, tumbo lenye safu za sakiti, na chini yake muhtasari wa mizigo ya fezi tatu.

Urahisi huo umekuja na hatari ambayo zama za wembe hazikuijua. Programu inaweza kusawazisha fezi kwa amri moja, ikihamisha sakiti kutoka nafasi hii hadi ile ili mizigo ilingane, na amri hiyo ni msaada mkubwa mradi unapoanza. Ikitolewa baada ya fundi kuvuta nyaya na kubandika vibandiko vya nambari, jedwali jipya litakuwa sahihi kwa hesabu na la uongo kwa jengo lililosimama. Kwa sababu hiyo wahandisi waangalifu hufunga nafasi za sakiti ndani ya programu mara tu michoro inapotolewa kwa ujenzi, na huacha nafasi tupu na breka za akiba zikiwa zimeandikwa wazi, ili nyongeza za baadaye zipate makao bila kuhamisha zilizotangulia. Programu hujua kila kitu kilichoingizwa ndani yake, na haijui lolote lililofanyika ukutani bila kuandikwa.

Mlango wa bodi

Mahitaji ya jedwali yameongezeka kadiri bonde lenyewe lilivyokuwa chimbuko la umeme wa taifa. Mashine ya kwanza ya mvuke wa ardhini huko Olkaria, karibu na Naivasha, ilianza kazi mwaka 1981 ikiwa na megawati 15, ikafuatwa na mbili za ukubwa huo hadi kutimia megawati 45 mwaka 1985, na vituo vilivyoongezwa baadaye vimeufanya mvuke huo kutoa zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya. Stima, neno lililokuja na mvuke wa meli, limekuwa kweli kwa namna nyingine, kwa sababu taa za Nakuru sasa huwashwa kwa sehemu kubwa na mvuke unaotoka chini ya bonde wanamoishi watu wake.

Mji nao umepanda juu. Tangu 1 Desemba 2021 Nakuru ni jiji, la nne nchini, na pale palipokuwa na nyumba moja ya vyumba vinne sasa husimama ghorofa lenye familia 20, kila moja na mita yake ya tokeni, huku pampu ya maji, taa za ngazi na kamera za ulinzi zikiwa chini ya mita ya mwenye jengo. Katika vijiji vya kaunti, mradi wa kufikisha umeme kwa kila kaya ulioanza mwaka 2015 umeingiza stima katika nyumba za chumba kimoja, nyingine kwa kibodi kidogo kilichofungwa tayari taa, soketi na breka zake, ambacho orodha yake ni mistari miwili. Umbali kati ya kibodi hicho na bodi kuu ya ghorofa la jijini ni mkubwa, lakini wajibu ni mmoja: anayekizima kwa dharura ajue anazima nini.

Hapo ndipo makadirio ya mhandisi yanapolazimika kurudi kuwa kumbukumbu. Jedwali lililoandaliwa kwa uangalifu ndani ya kompyuta halimlindi mtu yeyote likibaki katika kompyuta ya ofisi iliyohama au kufungwa. Hulinda pale linapochapishwa likiwa limesahihishwa kwa yale fundi aliyoyafanya kweli, likawekwa tarehe na jina la aliyeyathibitisha, na kubandikwa ndani ya mlango wa bodi. Inafaa pia liandikwe kwa lugha ya wanaolihitaji, kwa kuwa anayekimbilia bodi usiku, maji yakivuja juu ya soketi, ni bawabu, mpangaji au mama wa nyumba, na maneno kama «soketi za jikoni, ghorofa ya pili» humfaa kuliko vifupisho vya Kiingereza ambavyo mhandisi amevizoea.

Kizazi cha kwanza cha mafundi wa Nakuru kililibeba jengo kichwani, na kizazi cha sasa hulibeba ndani ya faili. Vyote viwili huondoka na wenyewe. Kinachobaki ukutani, miaka 30 baada ya jengo kufunguliwa, ni karatasi ya ndani ya mlango, na yeyote atakayeufungua mlango huo akiwa na bisibisi mkononi ana haki ya kukuta humo ukweli ulioandikwa na mtu aliyejua kwamba atakuja.